Chale Zisizo na Dawa

Siku tuliyomzika mama yangu, Sengi Holo alinifuata chumbani ameshika sweta. Sengi ndivyo tunavyomwita shangazi huku kwetu kwa Wasukuma, na huyu ni dada yake baba, mwanamke aliyekuwa na nguvu za kubeba gunia la pamba enzi zile, sasa kawa bibi kizee. Ilikuwa Oktoba, lile jua la Shinyanga linalofanya hata kuku wajichimbie vishimo kivulini, halafu mtu mzima anakuletea sweta. Lilikuwa linanuka sanduku. Akaninong'oneza kwamba uwanjani watu ni wengi, wapo wa kanisani, wapo wakwe zangu, basi nijisitiri mikono. Nikamwambia asante Sengi, sisikii baridi. Nikatoka na gauni langu jeusi la mikono mifupi, nikaenda kukaa mkekani na wafiwa wenzangu.

Mliangalia. Msinikatalie, niliwaona. Mlikuja na kuni zenu na mchele wenu, Mungu awabariki, mkanipa pole, na macho yenu yakashuka kutoka usoni kwangu mpaka kwenye mkono wa kulia, yakakaa pale kidogo, yakarudi juu haraka. Mmoja aliniuliza kama niliwahi kuungua na mafuta. Sikuungua. Wengine mlidhani ni chale za mganga, na hao siwalaumu sana, maana hata ukoo wangu wenyewe ulidhani hivyo, na kosa hilo nusura limmalize mama yangu. Sasa mama hayupo tena wa kuumizwa na maneno ya watu. Nitasema mwenyewe, tuone nani ana la kuongeza.

Jambo moja tu sitalisema: nilitumia nini na nilifanyaje. Hilo halikuhusu. Na kama wewe una miaka kumi na minne, umeyaokota maandishi haya kwenye meza ya mama yako, basi wewe ndiye hasa ambaye halikuhusu. Lakini usiyaweke chini. Endelea kusoma, maana yaliyobaki yote ni yako.

Tuanzie Kishapu, kabla hatujahamia mjini. Nilikuwa mdogo, nadhani sijaanza shule, kwa sababu nakumbuka nilikuwa nashinda nyumbani nikicheza juu ya lundo la pamba iliyokuwa ikisubiri kupelekwa kuuzwa. Baba alikuwa anajiandaa kwenda machimboni, upande wa Geita, kwa mara ya kwanza. Asubuhi alikuja mzee mmoja na mkoba wa ngozi, wakakaa upenuni, baba akavua shati. Yule mzee akamchanja chale ndogo ndogo, mbili mbili: viwiko viwili, vifundo viwili vya mikono, kifua kulia, kifua kushoto. Kila alipomaliza jozi alichota dawa nyeusi kwenye kopo, akaipaka na kusugua kwa kidole gumba. Harufu yake naijua mpaka leo, mafuta ya nyonyo na mizizi iliyoungua. Nikiisikia sokoni kwenye kibanda cha dawa za asili, miguu inasimama yenyewe.

Nilimuuliza baba kama inauma. Baba yangu alikuwa mtu wa kucheka, na hapo alicheka. Akasema inauma kidogo, lakini ubaya unapata mlango wa kutokea. Akanionyesha kifundo cha mkono, ile jozi nyeusi, akasema sasa hata shimo likitaka kunimeza litanitema.

Na kweli alirudi. Duara lake, yaani shimo lile wanalochimba kwa zamu na wenzake, lilitoa dhahabu msimu uleule. Akarudi na godoro, na mabati, na viatu vyangu vyekundu vilivyonibana lakini nikavivaa hivyo hivyo mpaka vikapasuka. Tukahama Kishapu, tukaja Kambarage, Shinyanga mjini, tukapanga vyumba viwili vyenye umeme. Mtoto akiona jambo limefanya kazi mara moja hahitaji maelezo mengine. Mimi nilijua kilichotuhamisha: mlango wa baba, ubaya ulipotokea.

Miaka ikaenda. Baba alikuwa anakaa machimboni mwezi au zaidi, anarudi siku nne tano, anaondoka. Mama alikuwa na kibanda cha kupika karibu na standi, ugali na sangara wa kukaanga. Nilikuwa darasa la saba mama alipopata habari kwamba baba ana mwanamke kule, na mwanamke ana mtoto, na mtoto anatembea. Sijui nani alimwambia. Najua tu kwamba baba aliporudi safari hiyo mama hakupiga kelele, hakulia, hakutupa chombo. Alimwekea maji ya kuoga kama kawaida. Kisha akaniita na kusema, mbele ya baba aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka pale: mwambie baba yako maji yapo bafuni.

Nilicheka, nikidhani ni utani. Baba naye akanigeukia. Akasema mwambie mama yako nimesikia.

Ndiyo ikawa hivyo. Mwaka mzima na miezi juu yake. Chumba kimoja, meza moja, bakuli moja la mchuzi, na mimi katikati nikipeleka na kurudisha. Mwambie baba yako ada inatakiwa. Mwambie mama yako nitaona. Mwambie baba yako ale kwanza ndipo aone. Baba akiwa machimboni alipiga simu ya mama, na mama akiona namba tu ananipa mimi simu bila kuipokea, mikono bado ina unga. Majirani hawakujua kitu. Kwao nyumba yetu ilikuwa nyumba ya mfano, hakuna ugomvi, hakuna matusi. Mama mmoja wa jumuiya alitutaja kwenye sala.

Nyie mliokulia kwenye nyumba za kelele mtaniambia afadhali kimya. Thubutu. Kelele zinakwisha watu wakichoka. Kimya hakichoki.

Nilianza kuyaosha yale maneno. Baba akisema mwambie huyo mwanamke anipe shati langu, nilikuwa nakwenda jikoni na kusema, mama, baba anaomba shati. Mama akisema mwambie akamwombe yule wa machimboni amfulie, nilirudi na kusema, mama anasema analifua, anakuja nalo. Nilikuwa hodari kwa kazi hiyo, na nilijiona mjanja, mpaka siku mama alipotoka na shati likiwa chafu vilevile na baba akasema lakini si umesema analifua. Akasema hivyo akinitazama mimi, si mama. Wote wawili walinitazama mimi. Baba akaniita mwongo. Mama akasema sijui huyu mtoto uongo kautoa wapi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi wamekubaliana jambo.

Hapo ndipo nilipoanza. Mkinitaka niseme kwa nini, nitawapa sababu ya mtoto, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Niliona kuna ubaya ndani ya nyumba yetu na umekosa pa kutokea. Baba alikuwa na milango yake, na ilifanya kazi. Mama alikuwa amejifunga kabisa. Nikabaki mimi, ambaye kila neno lao lilikuwa linapitia kwangu, basi niliona ni haki mlango uwe kwangu. Ilikuwa akili ya kitoto, ndiyo. Lakini msiseme nilikuwa nataka kuonekana. Ningetaka kuonekana nisingevaa sweta.

Lilikuwa sweta la shule, la kijani, nililivaa asubuhi hadi jioni, shuleni na nyumbani, kiangazi chote. Nilikuwa natoka jasho mpaka kola inalowa. Mwalimu mmoja aliniambia nikapime malaria, nikasema nimepima. Mama alikuwa anaondoka alfajiri na kurudi amechoka, ananiuliza mbona sweta, namwambia nasikia baridi, anasema haya. Sikumlaumu wakati ule. Nakiri nilimlaumu baadaye, na baadaye zaidi nikaacha.

Aliyeuliza vizuri alikuwa mmoja tu, Mama Zaituni, mpangaji wa chumba cha mbele, Mdigo wa Tanga aliyefuata mume huku na mume akaondoka yeye akabaki. Alikuwa anakaanga vitumbua barazani. Siku moja aliniwekea viwili kwenye karatasi, akavishikilia asinipe, akasema, "Mwanangu, hiyo homa yako ya miezi yote hii haina hata kikohozi. Siku ukitaka kuniambia, mlango wangu haufungwi." Nilichukua vitumbua nikakimbia. Sikumwambia. Ila kwa mara ya kwanza nilijua kuna mtu anahesabu siku za lile sweta pamoja nami.

Na haikuponya kitu, niseme hilo wazi, asije mtu akasema nimelificha. Kila siku nilingoja waanze kuongea na hawakuongea. Nikawa na siri ya kuficha juu ya maneno ya kubeba, mzigo juu ya mzigo. Unajua nilijilaumu kwa nini? Kwa sababu sikuwa na dawa nyeusi. Nilijiambia ndiyo maana haifanyi kazi, kwamba mlango nimefungua lakini sikuupaka kitu. Mtoto wa darasa la saba anahangaika ni wapi atapata mizizi iliyoungua. Nikikumbuka hapo hata leo nataka kumchukua yule mtoto mgongoni nikamlaze.

Sasa mwaka huohuo duara la baba likakauka. Walichimba wakakuta mwamba mtupu, wenzake wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Na mwaka huohuo mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyekuwa anachekecha kokoto za almasi Maganzo tangu ujana bila kupata hata punje, akapata. Akanunua pikipiki nyekundu, akaja nayo Kambarage kutuonyesha, akampandisha mama nyuma wakazunguka mtaa, mama kashika kitenge chake anacheka. Mnaotoka huku mmeshaanza kuelewa hadithi inaelekea wapi.

Kwa wasiotoka huku: kuna kitu kinaitwa ndagu. Ni dawa ya utajiri yenye masharti, na sharti mara nyingi ni mtu wa nyumbani. Machimboni, mtu akipata sana watu wanauliza kamtoa nani kafara. Akikosa sana wanauliza ni nani kamfunga. Hakuna anayesema mwamba ni mwamba.

Sengi Holo alikuja kututembelea kutoka Kishapu na debe la michembe, viazi vitamu vya kukaushwa. Nilikuwa uani naosha vyombo, sweta nimelipandisha mpaka kwenye kiwiko kwa sababu nilijua niko peke yangu. Alitokea nyuma yangu. Hakupiga kelele. Alinishika kifundo cha mkono, akaugeuza mkono wangu juani, akautazama kwa muda mrefu, midomo ikitembea kama mtu anayesali. Kisha akauachia. Hakuniuliza hata neno moja juu ya mkono ule. Ningependa mlijue hilo, kwa sababu ndilo lililoniuma kuliko yote: aliona mkono wangu, na swali lake la kwanza likawa kwamba mama yako yuko wapi.

Kufikia Jumapili walikuwa wamefika wote. Baba kutoka machimboni, na Baba Mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa anaamua mambo yote ya ukoo, kuanzia mahari mpaka nani azikwe wapi. Walikaa sebuleni baada ya ibada, milango wazi, jua kali. Mama aliambiwa akae chini, mkekani. Mimi niliambiwa nikae jikoni nisitoke.

Nilisikia kila kitu. Baba Mkubwa alizungumza taratibu, hakuwa mtu wa kufoka. Akasema duara la mdogo wangu limefungwa, shemeji zake wa Maganzo wamefunguliwa, na mtoto amekutwa na chale ambazo baba yake hajui zimechanjwa lini wala kwa mganga gani. Akasema hana haja ya kumwita mtu mchawi. Anachosema ni kwamba kesho asubuhi mama arudishwe kwao, na wazee wa kijiji chao waambiwe amerudishwa kwa nini.

Ngoja niwaeleze maana ya maneno hayo yaliyosemwa kwa upole. Mwanamke anayerudishwa kijijini na neno hilo hakai. Watu hawamsalimii kisimani. Mtoto wa jirani akiugua, wanakuja kumtazama usoni. Na kuna wengine, wenzangu mnawajua, hata majina mnayajua, walioamka asubuhi nyumba zao zimechomwa, au hawakuamka kabisa. Baba Mkubwa alijua. Baba alijua. Sengi alikuwa analia, lakini naye alijua.

Mama alisema kitu kimoja tu. Alisema, "Hizo alama sijaziona. Mimi ni mama yake na sijaziona." Sauti yake haikuwa ya mtu anayejitetea. Nilielewa pale jikoni kwamba hakuwa anawajibu wao. Alikuwa anajiuliza mwenyewe, na jibu lilikuwa linamwumiza kuliko huko kurudishwa.

Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Hapo ndipo hasira ilinipanda. Mwaka mzima nimekuwa mdomo wa watu hawa, na leo ambapo mdomo unahitajika, nimewekwa jikoni na masufuria.

Nilivua sweta, nikaliacha juu ya kinu, nikaingia sebuleni. Baba Mkubwa akasema hakuniita. Nikamwamkia, shikamoo Baba Mkubwa, kwa sababu sikutaka mtu apate pa kunishikia. Hakuitikia. Nikasema, "Mama hajanipeleka popote. Nimejichanja mwenyewe."

Mnadhani waliniamini? Baba Mkubwa alitikisa kichwa kwa huruma, akamwambia baba, unasikia, hiyo ni dawa inayozungumza, mtoto akishafungwa anamlinda aliyemfunga. Sengi akaanza kusali. Nikaona jinsi mtego ulivyotengenezwa: nikinyamaza mama ni mchawi, nikisema mama ni mchawi zaidi. Nilisimama pale nina miaka kumi na minne, mkono mtupu, na akili yangu ikanirudisha kule upenuni Kishapu.

"Baba," nikasema, "vua shati."

Mtoto hamwambii baba yake hivyo. Sebule yote ilishtuka, hata mama aliinua uso. Lakini baba alinitazama, na sijui aliona nini, akaanza kufungua vifungo. Akavua. Nikaenda kupiga magoti mbele yake, nikauweka mkono wangu juu ya paja lake, sambamba na mkono wake.

Nikasema watazame. Za baba ni mbili mbili, kwenye viungo, mkono huu na mkono huu, na kifuani kila upande. Ni nyeusi mpaka leo, kwa sababu zilipakwa dawa. Ziko hivyo tangu nipo mdogo. Mganga gani anachanja upande mmoja tu? Mganga gani anasahau dawa? Baba Mkubwa mwenyewe alikuwa amechanjwa, wote waliowahi kushuka duarani wamechanjwa, wanajua inavyokuwa. Nikamwuliza, "Zangu ziko mkono gani?"

Akajibu bila kupenda. "Wa kulia."

"Na humu ndani nani anatumia wa kushoto?"

Wote walijua, kwa sababu wote walikuwepo nilipokuwa nachapwa vidole kwa kulia ugali kwa kushoto. Sengi Holo ndiye aliyenifunga huo mkono kwa kitambaa, nikiwa na miaka mitano, ili wa kulia ujifunze kazi. Haukujifunza. Niliandika kwa kushoto, nilifua kwa kushoto, nilifanya kila kitu kwa kushoto. Nilimwona Sengi akiutazama mkono wangu wa kushoto, kisha wa kulia, kisha akajifunika uso kwa kitenge, na safari hii hakuwa anasali.

Baba Mkubwa alikuwa mgumu, lakini hakuwa mjinga. Akaniuliza, sasa kwa nini. Nikamwambia nilitaka ubaya wa nyumba hii upate mlango. Akauliza ubaya gani. "Hawaongei," nikasema. "Wanaongea kwa mdomo wangu. Mwaka mzima. Kila mtu ananipa ya kwake nipeleke, na mimi sina pa kuyaweka."

Mama alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla. Aliinuka pale mkekani akataka kuja, akashindwa, akakaa tena.

Na baba yangu, yule mtu wa kucheka, alikuwa analia kifua wazi mbele ya kaka yake. Alishika mkono wangu, wake wenye alama nyeusi, wangu nyekundu. Kisha akanigeukia, kwa mazoea, naamini kabisa ilikuwa ni mazoea tu, akasema, "Milembe, mwambie mama yako..."

Nikautoa mkono wangu kwenye mkono wake.

"Mwambie mwenyewe, Baba. Yuko hapo."

Alichelewa sana. Pikipiki ilipita nje, Mama Zaituni alisikika akimwaga mafuta barazani. Baba aliinua uso. Akatazama mkekani, akatazama kweli, akasema, "Mama Milembe."

Mama akaitika, "Abee."

Basi. Siku hiyo hawakusema zaidi. Kama ulikuwa unangoja wakumbatiane, utangoja sana, hawakuwa watu wa hivyo na mambo hayakuwa mepesi kiasi hicho. Baba Mkubwa aliondoka bila kula na hakuomba radhi mpaka anaingia kaburini. Kule kurudishwa kijijini hakukutajwa tena na mtu yeyote. Wiki iliyofuata mama alifunga kibanda asubuhi nzima, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa na homa, akanipeleka kituo cha afya, Mama Zaituni akifuata nyuma na vitumbua kana kwamba tunakwenda harusini. Muuguzi aliyetupokea alinitazama usoni kwanza, akavuta kiti, akaniuliza mimi, si mama. Nilikwenda kwake mara nyingi. Nilirudia kujichanja mara mbili katika mwaka huo, na mara zote mbili mama alijua, kwa sababu nilimwambia mwenyewe. Jioni alikuwa ananiuliza swali lake, akiosha miguu baada ya kazi: leo umebeba la nani? Nikiwa nimebeba la mtu, tunalitua.

Wazazi wangu waliachana. Lakini waliachana kwa kuambiana, ana kwa ana, kwenye ile meza, na mimi nilitumwa nikacheze. Nilicheza. Watu walinionea huruma, eti maskini mtoto wa walioachana. Mimi nilikuwa nalala usingizi mzito kama jiwe.

Sweta sikulivaa tena. Sengi ameniletea masweta kwenye ubarikio wangu kanisani, kwenye mahafali, kwenye harusi yangu, na nampenda, maana najua sasa kwamba kila sweta ni njia yake ya kusema samahani kwa kutoniuliza siku ile. Lakini sitalivaa. Mkono huu ndio uliomwokoa mama yangu asichomewe nyumba. Nani aniambie niufunike? Wenzangu wenye watoto wanaovaa sweta Oktoba, msiwapige, msiwapeleke kwa mganga, wala msiwaite waongo. Vuteni kiti.

Turudi msibani. Saa saba hivi, kabla ya jeneza kutolewa sebuleni, baba alifika. Alitoka machimboni, bado yuko kulekule, mzee sasa, anatembea na fimbo, shati limefungwa mpaka mikononi. Nilimwamkia, akaitikia. Akasimama kando yangu akiutazama mlango wa sebule, asiingie. Watu wakaanza kututazama. Mwishowe akaniinamia, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshajua.

"Milembe, lipo neno nilitaka mama yako alijue."

Niliinua mkono wangu wa kulia, mtupu, juani, mbele ya wakwe na wa kanisani wote, nikamwonyesha mlango.

"Mwambie mwenyewe, Baba. Yuko hapo."

Aliingia. Alivua kofia mlangoni, akaingia, na waliokuwa ndani wakatoka kumpisha. Alikaa mle mpaka kwaya ilipoanza kujipanga. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akaja akakaa mkekani karibu nami, na Sengi akamletea maji. Sikumuuliza alisema nini.